Kati ya Moyo na Moyo

Richardson, Texas
11 Januari 2025

Mwanangu Kwamboka,

Nakusalimu wewe, namsalimu Glory, na kila anayeingia nyumbani mwako huko Houston akakaribishwa chai. Mimi nipo. Baridi ya mwaka huu imenikaa magotini. Mama Scholastique, yule Mkongomani anayenihudumia, huja kwa treni kutoka Vickery Meadow kila asubuhi, na kabla hajavua koti huniuliza, “Papa Profesa, leo tuko wazima ao tuko tunajikaza?” Nami naandika kwenye ubao wangu mdogo: tunajikaza.

Tangu waliponipasua koo hospitalini mwezi wa Septemba sina sauti, kama ujuavyo. Usisumbuke kupiga simu. Niandikie. Zamani madaktari walizungumza habari za miezi. Siku hizi wanazungumza habari za maumivu tu, na mtu aliyesoma anaelewa maana yake.

Vitabu vyangu vinaondoka. Chuo kimechukua masanduku kumi na mawili, na kabati zimebaki na meno machache kama mimi. Kimoja nimekutengea, nacho kimo ndani ya furushi hili. Ni kile nilichokitoa mwaka 2007, kilichonipa jina. Najua hukukisoma. Hata waliokisifu, wengi wao hawakukisoma.

Nikueleze kwa ufupi, maana hujawahi kuniuliza kazi yangu ilikuwa nini hasa. Kabla mashine za kuchapa hazijaenea, watawa wa Uingereza walinakili vitabu vya sala kwa mkono, kwenye ngozi. Mnakili anatazama kitabu cha zamani, anaandika neno, anainua macho tena. Basi, neno likiwa limetokea mara mbili karibu karibu, jicho lake huweza kurudi kwenye lile la pili akidhani ni la kwanza. Akaendelea kutoka hapo. Yote yaliyokuwa katikati yanapotea, na yeye hajui. Hilo ni kosa la jicho, na wanakili wote wamelifanya.

Nenda moja kwa moja sura ya nne. Hizo nyingine ni za kuwafurahisha maprofesa.

Akulinde aliyetulinda mpaka hapa.

Baba yako mdogo,
Zablon Ogeto


Houston
2 Februari 2025

Baba Mdogo,

Nimepokea furushi na barua. Asante. Mama Scholastique mwambie namshukuru, na kwamba asikubali ukatae uji.

Sisi tupo, ila mwezi umekuwa mzito. Tarehe 16 Januari Glory alipoteza fahamu bwawani, kwenye mazoezi ya shule. Alikuwa anaogelea vizuri tu, akazama kama mtu aliyezimwa. Kocha akamtoa. Alipofungua macho akasema, “Mom, I'm fine,” akataka kurudi majini. Ana miaka kumi na sita, unawajua. Hospitali wakampima moyo akiwa amelala kitandani, wakaona hauna shida. Wakasema ni kukosa maji na kutokula asubuhi. Mimi ni nesi, mwaka wa kumi na nane huu, na jibu hilo nimewapa wagonjwa wengi. Safari hii halikunikaa.

Kwenye fomu waliuliza: katika familia yupo aliyekufa ghafla akiwa bado kijana? Nikamtaja kaka yangu Shem, nikaeleza kwamba alianguka Julai ndani ya ghala huko Fort Worth lisilokuwa na feni. Daktari wa huko mwenyewe aliandika: joto. Wengine nikasema hapana. Bibi alizama mtoni, shangazi Bosibori alikuwa na kifafa, Baba alikuwa na presha. Ndivyo mlivyotuambia.

Sasa kitabu chako. Nilisoma sura ya nne kwenye zamu zangu, ukurasa mmoja mmoja. Nimeelewa hivi, unisahihishe. Kuna mtawa aliyenakili sala za mtu anayekufa. Jicho lake likaruka kutoka neno “kifo” hadi neno “kifo,” na sehemu inayomtaka anayekufa awataje aliowakosea ikapotea. Msahihishaji akapita nyuma yake, akaweka alama pembeni kuonyesha kwamba hapa pana pengo. Lakini pengo halikujazwa. Wasomi wote walisema alisahau. Wewe peke yako ulisema hapana: aliliona, akaliacha kwa makusudi, na alama ni dhamiri yake. Kwenye ukurasa wa mwisho umetaja wenzako waliokuuliza umejuaje, na hukuwajibu.

Kuna picha ya alama yenyewe. Mistari miwili midogo ya mshazari, na nukta chini yake.

Baba Mdogo, nilitoa barua ya Baba. Ile aliyotuandikia hospitalini Kisii mwaka 2001, ambayo wewe ulitunakilia kwa wino kwa sababu ya kwake ilikuwa ya penseli na mkono ulikuwa unatetemeka. Ninaitunza ndani ya plastiki pamoja na pasipoti. Ukurasa wa pili, pembeni, kuna mistari miwili ya mshazari na nukta chini yake. Miaka ishirini na minne nilidhani kalamu yako ilidondosha wino.

Alama iko kando ya sentensi hii: “Wanangu, jambo kubwa ni moyo kabla ya kuanza kazi yoyote nzito.”

Unaijua sentensi hiyo. Shem aliifanya wimbo. Alikuwa akifunga kamba za buti anasema, “Sister, jambo kubwa ni moyo,” halafu anatoka kwenda kubeba masanduku. Nilimwambia mara moja kwamba sentensi ya Baba ina kilema, mwalimu wa Kiswahili kama yeye hawezi kuandika hivyo. Akanicheka. “Wewe unatafuta sarufi, mimi natafuta nguvu.” Na siku tulipomzika, wewe mwenyewe uliisoma mbele ya kanisa.

Nakuuliza swali moja. Kati ya moyo na kabla, palikuwa na nini?

Binti yako,
Kwamboka


Richardson
24 Februari 2025

Mwanangu Kwamboka,

Salamu nyingi. Barua yako imefika salama, na nimechelewa kuijibu kwa sababu ya udhaifu. Wiki iliyopita maji yaliganda kwenye mabomba, tukakaa siku mbili bila kuoga. Scholastique amepata habari za mdogo wake aliyeko Uvira, kwamba yu hai, na alipika ndizi akaimba siku nzima. Watu wa kanisa la Sabato walikuja kunitazama. Mmoja wao alilala kitini kabla ya sala kwisha, nami nikamwonea wivu.

Nafurahi kwamba umesoma sura ya nne kwa makini. Umeielewa kuliko wengi waliolipwa kuielewa.

Kuhusu barua ya marehemu kaka yangu, ilikuwa zamani. Nilinakili usiku mmoja nikiwa na majonzi, na karatasi za hospitali zilikuwa nyembamba. Huenda ni wino tu.

Glory asiingie majini kwa sasa. Nasikia mabwawa ya shule yanatiwa dawa kali. Ngoja hata miezi michache ipite.

Mpe pole yangu.

Zablon


Houston
6 Machi 2025

Baba Mdogo,

Shikamoo. Sisi wazima.

Hujawahi kuniuliza habari za bwawa maishani mwako. Hukujua hata kama Glory anaogelea mpaka nilipokuandikia. Sasa unaniambia dawa ya maji.

Nimefanya kazi na wanaokufa muda mrefu. Najua mtu anavyozungumza anapolizunguka jambo. Anaanza na mabomba.

Daktari wa shule ameshamruhusu kurudi. Mashindano ni Jumamosi tarehe 22 Machi. Sina sababu ya kumzuia isipokuwa alama ya wino na woga wa mzee, na binti yangu ananitazama kama mwendawazimu.

Nimekupa siku za kutosha kuandika na posta siku za kutosha kuleta. Kama kulikuwa na maneno, nayataka yote. Kama barua ya penseli ya Baba bado ipo, naitaka.

Kwamboka


Richardson
14 Machi 2025

Kwamboka mwanangu,

Sitakusalimu kwa urefu leo. Penseli ya baba yako ipo. Imekaa miaka yote ndani ya kamusi yangu ya Kilatini, mahali ambapo nilijua hakuna mtu wa nyumba hii atakayefungua. Naiweka ndani ya bahasha hii. Lakini kwa sababu hati yake ni ngumu, naandika hapa sehemu nzima kama alivyoiandika, na safari hii nimeilinganisha mara tatu:

“Wanangu, jambo kubwa ni moyo wetu. Mama yangu hakuzama. Aliangukia mtoni akiwa amekwisha kufa, ana miaka thelathini na minne. Bosibori hakuwa na kifafa. Alianguka akifundisha, na moyo ndio uliosimama. Daktari wa Kisumu amenionyesha kwenye karatasi namna mapigo yangu yanavyokosea, na amesema ugonjwa huu unatoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, na unaweza kujificha mtu akipumzika. Nendeni wote wawili mkapimwe moyo kabla ya kuanza kazi yoyote nzito.”

Sasa nikueleze kilichotokea, maana umri wangu hauruhusu tena kukizunguka.

Kaka yangu Elkana alinipa karatasi zile mchana wa Jumatano, mwezi wa Mei, akafa Alhamisi. Nilikaa ofisini kwa kasisi wa hospitali nikanakili. Nikaandika “moyo.” Nikainua macho. Nikaona “moyo,” nikaendelea: kabla ya kuanza kazi yoyote nzito. Nakuapia kwa mauti iliyo karibu nami kwamba hapo halikuwa kusudi. Mimi niliyewafundisha vijana kosa hilo kwa miaka kumi na tisa nililifanya mwenyewe, kama mtawa aliyechoka.

Lakini mnakili mzuri hurudia. Nilirudia, nikaliona pengo. Nikaweka alama pembeni kama mazoea ya kazi yangu yalivyonituma, nikachukua karatasi mpya ili nianze upya, na kwa mara ya kwanza nikayasoma maneno yale kama mtu na si kama mnakili. Mama yangu. Dada yangu. Kaka yangu chumba cha pili. Nikauweka mkono kifuani. Sikuwawaza ninyi, Kwamboka. Wengine husema walinyamaza kwa huruma, na nimejaribu sana kuisema hiyo, hata barua nyingine nne za namna hiyo nimezichana mwezi huu. Niliogopa nafsi yangu. Ilikuwa kama nikiyaandika kwa mkono wangu yatakuwa ya kwangu. Nikakunja nakala yenye pengo, nikaipeleka chuoni kwako, nikajiambia nitakuandikia barua ya pili nikifika Texas.

Oktoba mwaka ule nilipimwa hapa Dallas. Mara mbili. Moyo wangu ni mzima. Daktari alinipa mkono akanipongeza, nami nilitembea hadi maegesho nikakaa ndani ya gari bila kuwasha injini. Hapo nilikuwa sina tena cha kuogopa, na ningeweza kukuandikia jioni ile ile. Lakini ungeniuliza kwa nini hukuniambia mwezi wa Mei. Mwaka uliofuata ungeniuliza kwa nini hukuniambia mwaka jana. Mwishowe swali likawa kubwa kuliko jibu.

Nikaandika kitabu badala yake. Waliniuliza nimejuaje kwamba msahihishaji aliona akaacha. Nilijua hivyo.

Liko jingine. Shem alipokuwa akiishi kwangu kabla ya kupata kazi Fort Worth, mwaka 2012, alianguka gereji akinibebea kabati ya vitabu. Labda sekunde kumi. Akaamka anacheka: “Baba Mdogo, vitabu vyako vina uchawi.” Nikampa maji. Nikamwambia ni jua la Texas, atalizoea. Nilisimama pale na glasi mkononi nikijua. Miaka miwili baadaye waliponipigia simu na kusema ni joto, nilisema ndiyo, ni joto, na nikapanda mimbari kusoma sentensi ile niliyoiharibu, na watu wakalia.

Kitabu nilikutumia nikitaka ukamate kosa wewe mwenyewe. Hata hapo nilikuwa naogopa. Nilitaka nikamatwe bila kusema. Sikujua kwamba Glory alikuwa karibu kuanguka. Ulipoandika, nilijua, na bado nilikuletea habari za mabomba.

Mpeleke akapimwe akiwa anakimbia, si akiwa amelala.

18 Machi

Naongeza haya. Bahasha hii niliifunga Ijumaa, na leo ni Jumanne. Siku nne ilikuwa mezani. Kila asubuhi Scholastique aliniuliza kama aipeleke, na kila asubuhi niliandika ubaoni: hakuna stempu.

Leo ameniletea stempu. Nikaandika: ngoja kesho. Akavuta kiti akakaa mbele yangu.

“Papa Profesa, hii barua iko na nini ndani?”

Nikamwandikia ubaoni kwa maneno machache. Moyo, familia, binti wa Kwamboka, Jumamosi. Akasoma, akarudia kusoma.

“Mutoto anaogelea siku ya posho, na weye unatafuta tembre?”

Posho kwao ni Jumamosi, na tembre ni stempu. Nikaandika kwamba mambo haya hayafai kwa simu.

“Siku ya posho, Papa. Posta itafika lini? Mie nilizika batoto babili njiani ya Uvira, na hakuna mutu aliniandikia barua mbele.” Akaichana bahasha. “Nipe namba yake. Ao nitatafuta mwenyewe.”

Nikampa. Wakati naandika hivi yuko jikoni anakusomea maneno ya kaka yangu, polepole, kwa lafudhi yake, na nayasikia kwa sauti ya mtu kwa mara ya kwanza. Anayarudia. Nadhani umemwomba ayarudie.

Sikuombi kitu.

Zablon


Houston
21 Aprili 2025

Baba Mdogo,

Natumaini maumivu yamepungua. Mama Scholastique ananipigia kila Jumatatu, kwa hiyo najua siku zako zilivyo. Amesema umeacha kula vitu vigumu. Amesema pia kwamba unauliza kama nimeandika.

Simu yake ilinikuta kazini. Nilikabidhi wagonjwa wangu kwa mwenzangu Fanny, sikumbuki nilimwambia nini, nikaendesha hadi shuleni. Walikuwa kwenye mazoezi. Nilisimama ukingoni na viatu vyangu vya kazi nikamwita jina lake lote. Alikuwa katikati ya bwawa. Akanitazama, akaendelea kuogelea hadi mwisho kwa makusudi, ili wenzake waone. Mita kumi na mbili labda. Nilizihesabu. Kisha akatoka, akapita bila kunitazama, na hakusema nami siku tatu.

Walimpima akiwa anakimbia kwenye mashine. Dakika ya sita daktari akasema, “Stop, stop now,” kwa sauti ya chini sana. Damu ikathibitisha. Glory anao. Mimi pia ninao, miaka arobaini na mitatu yote hii, na sijui ni kwa nini mimi nilipita na Shem hakupita. Daktari naye hajui. Tunakunywa vidonge sasa, asubuhi na jioni, mama na mtoto. Hataogelea tena. Dawa ya Glory wala haina bei ya kutisha. Nilikaa kwenye gari nje ya duka la dawa nikishika kile kichupa, nikamfikiria kaka yangu.

Penseli ya Baba imefika. Nimeisoma yote, na si ngumu kama ulivyosema. Nesi amezoea hati mbaya zaidi ya hiyo. Kuna mstari ambao hukuutaja, chini kabisa, kwenye karatasi ya mwisho, umepigiwa mstari: “Zablon, ndugu yangu, hati yangu imekuwa mbaya na watoto hawataiweza. Wewe ndiye msomaji wetu. Wasomee lote.” Nimeelewa kwa nini uliuacha. Sitakuandikia zaidi juu ya huo.

Unataka kujua kama nimekusamehe. Mama Scholastique ameniuliza mara mbili kwa niaba yako, akijifanya anauliza kwa niaba yake. Sijui, Baba Mdogo. Nikipika nakukasirikia, nikilala nakuonea huruma, asubuhi naanza tena. Nilifikiri kwamba mtu akishaambiwa ukweli anapata la kufanya nao. Bado natafuta.

Kwa Glory nilisoma karatasi zote mbili, ya Baba na ya kwako, nikatafsiri alipokwama. Nilitaka kuruka habari za gereji. Nilifika pale, nikaona namna ilivyo rahisi kuruka. Nikasoma.

Aliuliza, “Did Uncle Shem know?” Nikasema hapana. Akauliza nani alijua. Nikamwambia. Kisha akasema kwa Kiswahili, yeye ambaye hunijibu Kiingereza tangu shule ya msingi, “Nataka kumwona huyo babu.”

Nilimwambia una maumivu na huna sauti. Akasema anajua kusoma.

Ana swali. Ameliandika kwenye karatasi, ameikunja, na hataki nilione. Nimejaribu kulikisia, na kila ninalolikisia silipendi. Tutaondoka hapa Jumapili tarehe 27 alfajiri na kufika kwako saa nne. Mimi nitakaa jikoni na Mama Scholastique. Hatutaingia.

Weka karatasi nyingi. Ubao usitumie, kwa sababu ubao unafutika. Atakaa mbele yako mpaka umalize kuandika, na atasoma kila mstari ukiwa unamtazama. Usimwandikie habari za baridi.

Mwambie Mama Scholastique akupunguzie dawa asubuhi hiyo ili akili iwe safi, hata kama itauma. Mimi ndiye nimesema.

Uwe hai mpaka Jumapili.

Kwamboka